Soma Jino Kwanza, Boksi la Vijiti Baadaye

Jino la kijiko, yaani baketi ya mtambo wa kuchimba, likiletwa gereji, kabla sijauliza lolote nalipiga brashi ya waya, nalipangusa, kisha nalitoa nje juani. Nalizungusha taratibu. Likiwa linang'aa na lina mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja, hilo limesagwa na mchanga. Ncha ikiwa imekatika, na pale ilipokatika pana chembechembe za kijivu, hilo limevunjwa na kishindo. Na ncha ikiwa imefumuka na kujikunja pembeni, chuma chake ni laini kuliko kazi iliyopewa. Hapo nimeshapata nusu ya jibu la kijiti gani cha kuchomelea kitumike, na boksi bado sijaligusa.

Naanza na hili kwa sababu vijana wengi wanaotoka kwenye kuchomelea mageti na madirisha na kuingia kwenye mitambo wananiuliza swali moja: "Kaka, kijiti gani ndiyo kigumu kuliko vyote?" Wanataka wakinunue hicho, wakipige kila mahali, wamalize. Lakini chuma kigumu sana hakipendi kupigwa, na chuma kinachovumilia kupigwa mara nyingi hakiwezi mchanga. Ukimpa tajiri ugumu mahali alipohitaji uvumilivu, jino litarudi vipande viwili, na atakuona hujui kazi hata kama mshono wako ulikuwa mzuri wa kupiga picha.

Mimi kazi hii nimejifunzia kwenye mawe ya chokaa Tanga, nikahamia kwenye kokoto za Lugoba, halafu nikaenda Kanda ya Ziwa kwenye dhahabu. Sehemu hizo tatu zina udongo na mwamba wa tabia tofauti kabisa, na ndiyo maana nasema fundi anayehama lazima aanze upya kuuliza mitambo inachimba nini.

Tanga, mzee aliyenipokea alikuwa hanunui kabisa vijiti vya kabaidi ya kromiamu, vile vinavyoacha chembe ngumu sana ndani ya chuma. Nilidhani ni ubahili. Siku moja akachukua bonge la chokaa, akanipa msumari, akaniambia nikwaruze. Msumari ukachimba. Akasema, "Sasa mwanangu, jiwe ambalo msumari unalichimba, unataka ulivalie silaha gani?" Chokaa safi ni jiwe laini. Kinacholiua jino pale ni uzito, kubamizwa na kusukumwa siku nzima. Kwa hiyo yeye alitumia vijiti vya ugumu wa kati, vile ambavyo kwenye boksi utaona vimeandikwa E 6-UM-60. Vinatoa chuma kigumu cha kufika kama 55 hadi 60 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell C, lakini bado kinapokea kishindo bila kumeguka ovyo. Meno yake yalidumu, na bili ya vijiti ilikuwa ndogo.

Hesabu hiyo hiyo ukiipeleka Geita au Kahama inakataa. Kule dhahabu nyingi inakaa kwenye mwamba wenye kwatzi, lile jiwe jeupe linalokata kioo. Kwa kipimo kingine cha ugumu, Vickers, kwatzi iko kwenye 1,000 na zaidi kidogo. Kile chuma cha ugumu wa kati cha mzee wangu kinazunguka 600 hadi 700 hivi. Maana yake kila punje ya kwatzi inayopita juu ya jino inalikwaruza, na hakuna kitu jino linaweza kufanya. Chembe za kabaidi ya kromiamu zenyewe zinafika takriban 1,500, kwa hiyo hapo punje ya kwatzi ndiyo inayoshindwa. Hii ndiyo sababu ya kununua vijiti vya bei, vile vyenye alama E 10-UM-60, au ukikuta boksi la mfumo wa Marekani, EFeCr-A1A. Jambo ninalotaka lishike kichwani ni hili: boksi la mzee wangu limeandikwa 60, na boksi hili nalo limeandikwa 60. Namba ni ile ile. Ila moja ni chuma kigumu chote kwa wastani, na jingine ni chuma kilichobeba ndani yake chembe ngumu kuliko jiwe lenyewe. Kwenye mchanga wa kwatzi hivyo vitu viwili havifanani hata kidogo.

Ndiyo maana nawasihi vijana wajifunze kusoma maandishi ya boksi, na siyo ile namba ya mwisho tu. Mpangilio huo wa E, namba, UM na namba ulitoka kwenye kiwango cha Wajerumani, DIN 8555. Siku hizi kiwango kinachotumika Ulaya ni EN 14700, lakini maboksi mengi madukani bado yanabeba alama za zamani, na mafundi tumezizoea. Namba ya kwanza ndiyo ukoo wa chuma: 1 ni chuma cha kujazia, 6 ni kile cha ugumu wa kati, 7 ni cha manganizi, 10 ni cha kabaidi ya kromiamu. UM inakwambia tu kwamba ni kijiti chenye unga wake. Namba inayofuata ni ugumu. Ukiona 60 hicho ni kipimo cha Rockwell, ukiona 200 au 350 hicho ni cha Brinell, usivilinganishe kama vile ni mizani moja. Herufi za mwisho nazo zina kazi: G ni kwa ajili ya msuguano, P ni kwa ajili ya kishindo, K ni chuma kinachozidi kukomaa kadiri kinavyopigwa. Kijana akijua hizo herufi tatu tu, ameshaondoka kwenye kundi la wanaonunua kwa rangi ya boksi.

Baada ya kujua jiwe, ujue chuma unachokichomelea. Hapa ndipo nimeona hasara kubwa zaidi, na nitakaa hapa kidogo.

Lugoba tulikuwa tunahudumia mashine za kusaga kokoto. Taya za mashine hizo, zile bamba mbili nene zinazotafuna mawe, kwa kawaida ni chuma cha manganizi. Chuma hiki alikitengeneza Mwingereza Robert Hadfield pale Sheffield mwaka 1882, na mpaka leo hakijapata mpinzani kwenye kazi ya kupondwa. Kina manganizi ya asilimia kama 12 hadi 14, na kaboni zaidi kidogo ya asilimia moja. Kikiwa kipya ni laini, Brinell 200 hivi, lakini mawe yakikipiga, ngozi yake ya juu inakomaa mpaka 500 na zaidi, huku ndani kukibaki kulaini na kuvumilia. Chuma kinachojikomaza chenyewe kazini.

Kukitambua ni rahisi: tembea na sumaku. Mimi yangu niliitoa kwenye spika mbovu ya redio, iko kwenye mfuko wa ovaroli kila siku. Ukiiweka kwenye chuma cha kawaida inanasa kwa nguvu. Kwenye manganizi inateleza na kuanguka, au inashika kwa udhaifu tu pale juu palipoharibika ngozi. Sumaku hiyo moja imewaokolea watu fedha nyingi.

Sasa, manganizi kinataka ubaridi. Kikipata joto la kupita kiasi kwa muda, kama kuvuka nyuzi 260, kaboni inajitenga na kujipanga kwenye mipaka ya chembe, na chuma kile kilichokuwa kikivumilia nyundo kinakuwa cha kuvunjika kama kigae. Liliwahi kuletwa kwetu taya lililotengenezwa gereji nyingine. Fundi wa huko alilipasha kwa gesi mpaka likabadilika rangi, akidhani anafanya vizuri kwa sababu ndivyo alivyozoea kwenye meno, kisha akajazia kwa vijiti vya kawaida vya 7018. Lilipofungwa mashineni halikumaliza hata siku. Lilipasuka kuanzia pembeni mwa mshono, na vipande vingine vilibanduka pamoja na chuma cha asili. Ukitazama pale palipobanduka unaona mstari mwembamba unaong'aa kati ya kilichojazwa na taya lenyewe: pale chuma cha 7018 kilipochanganyika na manganizi pakazaliwa ngozi ngumu isiyo na uvumilivu wowote.

Taya linatakiwa lifanywe hivi. Kwanza lisagwe kwa grainda ile ngozi iliyokwisha kukomaa, pamoja na nyufa zote, mpaka ufike kwenye chuma kizima. Halafu vijiti vya manganizi, ukoo namba 7, mistari mifupi mifupi, unapiga hapa unahamia kule, ili joto lisikusanyike sehemu moja. Mimi kipimo changu cha haraka ni mkono: sentimita 15 kutoka kwenye mshono lazima niweze kuweka kiganja juu ya chuma nikakiacha. Nikishindwa, nasimama. Chaki za joto, zile zinazoyeyuka chuma kikifika joto fulani, zipo na ndizo bora, anayezipata azitumie. Hata kuweka taya kwenye pipa la maji, sehemu ya kuchomelea ikibaki nje, hakuna ubaya kwa chuma hiki. Na kama unaunganisha manganizi na chuma cha kawaida, mfano bamba la manganizi kwenye mdomo wa baketi, tumia vijiti vya chuma cha pua, vile vya 307 au 312. Hivyo vinakubali kuchanganyika na pande zote mbili bila kuzaa ile ngozi ya kuvunjika.

Jino la kijiko na mdomo wa baketi vinataka kinyume chake kabisa. Hivyo ni chuma cha kaboni chenye viungo kidogo, kimeshapikwa na kukomazwa kiwandani. Ukikipiga moto wa kuchomelea kikiwa baridi, eneo linalozunguka mshono linapoa ghafla, linakuwa gumu na linapasuka chini kwa chini, mahali usipopaona. Mshono juu unameremeta, ufa umelala chini yake. Kwa hiyo nakipasha kwanza mpaka nyuzi 150 au 200, moto wa gesi ukizungushwa polepole, siyo kukazia sehemu moja. Nikimaliza nakifukia kwenye mchanga mkavu au unga wa chokaa kavu kipoe kwa hiari yake. Asiwepo mtu wa kumwagia maji ili awahi kufunga. Nimeona opereta akimwagia maji jino la moto kwa sababu bosi yuko kwenye simu anamharakisha, na jino likalia "ta!" pale pale mbele yetu.

Kwa hiyo ndani ya gereji moja, siku moja, una vyuma viwili vilivyovaa tope lile lile: kimoja ukikipasha umekiua, kingine usipokipasha umekiua. Ndiyo maana sumaku inatangulia kabla ya boksi.

Turudi kwenye hiyo kabaidi ya kromiamu, kwa sababu ndiyo inayogombanisha mafundi na wenye mitambo. Ukimaliza kuipiga na chuma kikaanza kupoa, utasikia mlio mdogo mdogo, tik, tik, tik. Ukitazama utaona nyufa nyembamba zimekata mshono kwa upana, zimepishana sentimita moja au mbili hivi, kama tope la jaruba lililokaushwa na jua. Mwenye mtambo akiona anapandisha presha. Mmoja aliniambia mbele ya vibarua wake, "Fundi, nimekulipa unitengenezee, wewe umenipasulia kijiko." Nilimwacha amalize. Kisha nikamwonyesha kwamba nyufa zote zimekata kwa upana, hakuna hata moja iliyotembea kwa urefu wa mshono. Hizo za upana ni za kawaida kwa chuma cha aina hii. Ni kigumu mno kunyooka, kwa hiyo kinapopoa na kusinyaa kinapunguza mvutano kwa kujikata vipande. Zisipotokea kabisa ndipo ninapotia shaka kama kijiti ni halisi.

Ufa wa kuogopa ni ule unaofuata urefu wa mshono, au unaopita pembeni pale mshono unapogusana na jino. Huo ni dalili kwamba tabaka litabanduka zima zima. Mara nyingi unatokea kwa sababu mbili: chini hapakupashwa moto, au watu wamejaza kabaidi tabaka juu ya tabaka. Kabaidi ya kromiamu ni ya matabaka mawili, kwa vijiti vingine matatu, basi. Sehemu iliyolika sana haijazwi kwa vijiti hivi vya bei, inajazwa kwanza kwa 7018 au vijiti vya ukoo namba 1, mpaka umbo la awali likaribie kurudi, ndipo kabaidi inavishwa juu. Na pale ninapohofia zile nyufa za upana zisije zikaendelea kushuka mpaka kwenye mwili wa baketi, naweka kati tabaka moja la 307 la kuzizuia. Ukikuta kabaidi ya zamani imebaki imechakaa, usijaze juu yake. Iondoe.

Tabaka la kwanza nalo lisikudanganye. Linachanganyika na chuma cha chini, kwa hiyo ugumu unaosomeka kwenye boksi haupo pale. Unaupata kwenye tabaka la pili. Anayepandisha ampea ili amalize mapema anazidisha kuchanganya, na anakuwa amenunua kromiamu akaizamisha chini. Kijiti cha milimita 4 mimi nakianzia karibu na ampea 150, waya wa kijiti kwenye chanya, naangalia kinavyotembea, kisha naongeza au kupunguza kidogo kwa kufuata kilichoandikwa kwenye boksi.

Namna ya kupanga mistari inastahili kusemwa, kwa maana vijiti sahihi vikipangwa vibaya vinapotea bure. Mtambo ukifanya kazi kwenye mawe makubwa, mistari inalala kufuata njia jiwe linavyopita, ili jiwe liteleze juu ya migongo ya mistari bila kugusa jino lenyewe. Ukifanya kazi kwenye mchanga, mistari inakata njia ya mchanga. Mchanga unanasa katikati ya mstari na mstari, unashindiliana, na kuanzia hapo mchanga unasugua mchanga mwenzake, chuma kinapumzika. Mchanga ukiwa mlaini zaidi, mistari inakaribiana zaidi. Mahali penye mchanganyiko wa mawe na udongo napiga mistari ya kukatizana, vijumba vijumba, na udongo wenyewe unajaa mle ndani na kubaki. Opereta wengi wakiona baketi imerudi na vijumba vilivyojaa udongo wanachukua sururu kuvisafisha. Nawaambia, "Mdogo wangu, hiyo acha, hiyo ndiyo ngao yako."

Na jino lisivishwe pande zote. Vaa upande mmoja tu, upande unaosuguliwa zaidi. Upande ule mwingine ukiliwa polepole, ncha inabaki kali. Ukivisha juu na chini unapata jino linalodumu lakini butu, na opereta atakwambia, "Fundi, kijiko hakili." Mtambo unaunguza dizeli nyingi ukilazimisha kuingia, na hiyo dizeli inazidi bei ya meno. Wakati mzuri wa kuvisha ni jino likiwa jipya, halijaingia ardhini. Lililokwisha kuliwa zaidi ya nusu, mara nyingi mimi namshauri mwenye mtambo anunue jipya. Vijiti, gesi, kazi yangu na mtambo kusimama, jumlisha vyote, utaona jino jipya ni nafuu.

Visu vya greda sivigusi. Ni chuma chenye kaboni nyingi, vinafungwa kwa bolti, na vingi vinageuzwa upande wa pili kikichakaa upande mmoja. Ukikichomelea kinapasuka, na bolti hazikai tena. Geuza, kikiisha nunua.

Dhahabu ilinifundisha kuchanganya. Kule mwamba umelipuliwa kwa baruti, kwa hiyo kijiko kinapambana na mabonge yanayobamiza na kwatzi inayosugua kwa wakati mmoja. Kijiti kimoja hakitoshi. Ncha za meno na ncha ya ripa ya buldoza, lile jino la nyuma la kupasulia ardhi, zinazopokea kishindo, nazivisha chuma cha ukoo namba 6. Tumbo la baketi, mashavu yake na kisigino, ambako mawe yanapita yakisugua bila kugonga sana, huko ndiko kwa kabaidi. Wapo wanaopendekeza kabaidi ya tangasteni kila mahali, na ni kweli chembe zake zinavuka Vickers 2,000, lakini bei yake ni ya kuumiza na kishindo hakipendi. Niliitumia kwenye vichwa vya kuchorongea, huko ina mahali pake.

Unyevu ni adui ambaye Tanga nilimjua mapema. Hewa ya bahari inaingia kwenye unga wa kijiti, na kwenye 7018 unyevu huo unageuka haidrojeni ndani ya mshono, unakaa kimya, halafu chuma kinapasuka kesho yake au keshokutwa. Tumezoea lile friji bovu lenye balbu ndani. Ni zuri, ila lina kazi moja tu, kutunza vijiti ambavyo tayari ni vikavu. Kijiti kilichokwisha kulowa hakikauki kwa balbu. 7018 inataka nyuzi 300 hadi 350 kwa saa moja au mbili ndani ya oveni ya kweli. Vijiti vya kabaidi vikilowa utaona mshono umejaa vitundu vya sindano. Fuata joto lililoandikwa kwenye boksi lake, usikisie.

Na vijiti vya kuchezewa vipo, boksi la jina kubwa, ndani vitu vingine. Kabla sijapokea mzigo, nachukua kijiti kimoja napiga matabaka mawili kwenye kipande cha bamba. Kabaidi ya kromiamu halisi inaacha magamba machache sana juu, inatoa zile nyufa za upana, tupa inateleza juu yake bila kuuma, na moto wa kukatia wa gesi hauwezi kuikata. Kitu kinachokatika kwa gesi kirahisi hakina kromiamu ya kutosha, mrudishie muuza duka.

Ukichomelea baketi ikiwa bado imefungwa kwenye mtambo, toa kwanza nyaya za betri, na kama mtambo una kompyuta, ichomoe kwa utaratibu wa kitabu chake. Kibanio cha athi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, kikae kwenye baketi yenyewe, karibu kabisa na unapochomelea, juu ya chuma kilichosafishwa rangi na kutu. Kibanio kikiwekwa kwenye chesisi, umeme unatafuta njia kupitia pini, bushi na silinda za haidroliki, na kila unapoweka cheche kwenye baketi kunakuwa na cheche nyingine ndogo ndani ya bushi. Baada ya hapo silinda inaanza kuvuja na hakuna anayekumbuka kwamba kulikuwa na kuchomelea.

Moshi wake pia tusiuchukulie poa. Ndani yake mna kromiamu na manganizi. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na manganizi ikivutwa miaka mingi inaathiri neva. Hili linaniuma kwa sababu bado gereji nyingi bosi ananunua pakiti za maziwa akiamini amemaliza wajibu wake. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi unakwenda kwenye mapafu. Fanya kazi nje au panapopita upepo, upepo uwe unatokea ubavuni kwako, na nunua barakoa yenye vichujio, siyo kitambaa. Ukiwa ndani ya baketi kubwa umeinama, moshi wote unapandia usoni kwako, hapo lazima feni ya kuuvuta.

Kitu cha mwisho ni daftari. Kila kijiko ninachokigusa naandika kinachimba nini, chuma chake ni cha aina gani, nimetumia vijiti gani, matabaka mangapi, na saa zilizosomeka kwenye mita ya mtambo siku hiyo. Mtambo ukirudi nasoma mita tena. Nikitaka kulinganisha vijiti viwili navivisha kwenye meno mawili ya baketi moja, ardhi moja, opereta mmoja. Ila siweki kimoja pembeni na kingine katikati, kwa sababu meno ya pembeni huliwa haraka zaidi. Navipanga kwenye meno ya katikati yanayopakana, na mtambo ukifika nusu ya muda nayabadilishana nafasi.